Hasira za Yahaya Mkekani

Jumapili ile Yahaya alicheza karata akiwa amepiga magoti, kwa sababu kukaa alikuwa hawezi. Alhamisi iliyotangulia alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya pipa mbele ya stoo ya reli pale Dodoma, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, adhabu ambayo zama zile za Mdachi hata mtoto aliijua kabla hajaweza kuhesabu mpaka kumi. Damu ilikuwa imegandana na shuka. Mkewe, Stara, alitumia asubuhi nzima kuibandua kwa maji ya uvuguvugu, akampaka samli, akamwambia alale. Yeye akajifunga shuka nyingine.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mwanaharusi."

"Kucheza?"

Alitoka akitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja.

Kwa Mwanaharusi palikuwa nyuma ya soko, ndani ya ua wa minyaa. Mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mtoto wa watu waliokuja bara na misafara ya pembe wakasahau kurudi. Aliuza kahawa na vitumbua, na kila Jumapili baada ya adhuhuri, kazi za reli zikiwa zimelala, alitandika mkeka chini ya banda la nyasi na wanaume wakaja kucheza karata tatu.

Mchezo huo ni mwepesi kuueleza. Kila mtu hugawiwa karata tatu na kuzitazama peke yake. Zikiwa tatu za namna moja, hukamatiki. Zikifanana mbili, una nguvu kiasi, na mbili kubwa hula mbili ndogo: ree ndiyo kubwa kuliko zote, kisha mfalme, bibi na ghulamu. Zisipofanana kabisa, huna kitu. Anayetaka kuendelea hutia hela mkekani. Anayeogopa hutupa karata zake, na alichokwisha kutia kimekwenda. Wakibaki wawili, wanafunuliana. Lakini kwa kuwa hakuna ajuaye mwenzake ameshika nini, mwenye karata mbovu anaweza kumfukuza mwenye karata nzuri, mradi awe na moyo na uso wa kufanya hivyo.

Yahaya alikuwa navyo vyote viwili. Baba yake alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyeishia Mpwapwa mizigo ilipokwisha mabegani, na mtoto alikua akichungulia karata za wapagazi wazee kabla hajaota jino la pili. Alipokuja Dodoma na reli, kazi yake ikiwa kukaza vyuma juu ya mataruma, watu wakamjua haraka pale mkekani. Alicheza kama mtu anayechambua mchele. Akila hela za watu, hachekelei, akiliwa, hasonyi. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja treni ya kesho.

Mtu mmoja hakuupenda uso huo: Rajabu, nyapara wao, bonge la mtu aliyetembea na kiboko kwapani hata akienda kununua chumvi. Jumapili nne mfululizo Yahaya alimla Rajabu. Ya nne, Rajabu alitia, akatia tena, akamtolea macho mwenzake mpaka kila mtu akaamini ana wafalme watatu. Yahaya akafunua tatu mbili na bibi mmoja. Rajabu hakuwa na kitu chochote. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake.

"Utanijua," Rajabu alisema akiinuka.

Haikupita wiki, kapu la misumari minene ya reli likapotea. Rajabu akamwambia bwana wa mstari, yule Mdachi msimamizi wa reli, kwamba amemwona Yahaya akiizungumzia na mhunzi. Bwana yule hakuuliza shahidi wala mhunzi. Aliuliza pipa liko wapi.

Ndiyo maana Jumapili ile, Yahaya alipoingia uani, mazungumzo yalikatika. Mwanaharusi aliweka chini birika la kahawa.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Karata hazikimbii."

"Shikamoo, mama. Nigawie."

Alipiga magoti ukingoni mwa mkeka. Rajabu alikuwa amekwisha kukaa, kiboko pajani.

"Kaa basi, bwana mkubwa," alisema kwa upole. "Au mkeka una miiba?"

Wachache walicheka, wengi wakatazama chini. Karata zikagawiwa. Yahaya akatazama zake: saba, nne, mbili, kila moja na ukoo wake. Karata za kutupa. Siku nyingine zote angezitupa na kuagiza kahawa.

Rajabu akatia hela moja. "Hamsa," akasema. Akatia nyingine. "Ishirini."

Kitu kikapanda kutoka kwenye yale majeraha mpaka masikioni. Yahaya hakuona tena karata, wala hela, wala mkeka. Aliona mdomo wa Rajabu tu. Akatia. Rajabu akatia tena, Yahaya naye akatia. Walipofunuliana, Rajabu alikuwa na ghulamu wawili, na Yahaya alikuwa na saba yake.

"Huyu ndiye fundi wenu?" Rajabu aliwauliza watu.

Kutoka siku hiyo Yahaya hakuwa mchezaji tena, alikuwa mtu wa kuliwa. Watu wengine aliwaweza kama zamani, lakini Rajabu akikaa mkekani, akili ilimtoka. Rajabu akisema "hamsa ishirini", Yahaya alitia, awe na kitu asiwe nacho. Rajabu akinyamaza na kutia hela nyingi kwa mpigo, Yahaya alihisi tena lile pipa chini ya tumbo lake, akatupa hata karata za kumla mtu. Akirudi nyumbani alijiapiza kuwa hatakwenda tena. Jumapili ikifika, alikuwa wa kwanza ukingoni mwa mkeka, kwa sababu katika kichwa chake aliona siku moja tu: siku Rajabu atakapoinuka hapo akiwa hana kitu, watu wakicheka. Kila alipoliwa aliiona siku hiyo imekaribia zaidi.

Upepo wa kiangazi ulipuliza vumbi Dodoma nzima, na pamoja na vumbi vikaondoka vitu vya nyumba ya Yahaya. Mbuzi alikwenda mwezi wa tisa. Kanzu ya Idi ilikwenda mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Mpwapwa, ukaenda mkufu wa fedha ambao Stara alipewa na marehemu mama yake. Wakati huo Stara alikuwa na mimba ya miezi sita.

Alipogundua hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kijaluba kitupu cha mkufu.

"Unacheza na nani?"

"Na watu."

"Nimekuuliza unacheza na nani."

"Karata, Stara. Nacheza karata."

"Mwongo! Karata una siku nyingi hujazicheza. Unamcheza Rajabu. Anavuta kamba, wewe unaruka. Mwanamume mzima, umepigwa siku moja na bwana wa reli, na kila Jumapili unajipeleka mwenyewe ukapigwe bure."

"Nyamaza."

"Ninyamaze? Yeye akisema neno moja unampa mkufu wa mama yangu, mimi nikisema kumi unaniambia ninyamaze?"

Yahaya akainua mkono. Ulibaki hewani. Stara hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Piga," alisema. "Huko kwingine umeshindwa."

Mkono ukashuka. Alilala nje usiku ule, na usiku uliofuata. Hawakusemezana mpaka mvua ziliponyesha.

Mwezi wa kwanza mto ulifurika Gulwe ukala tuta la reli, vyuma vikabaki vinaning'inia juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo. Wafanyakazi walichukuliwa Dodoma kwenda kujenga upya, na Yahaya akawa mmoja wao. Rajabu alibaki. Stara alimfungia mumewe unga wa uwele ndani ya kitambaa, akampa bila kumtazama.

Gulwe ilikuwa matope, mbu na mawe. Yahaya aliwekwa banda moja na Nikodemo, kijana wa Kigogo kutoka Mlali, msomaji wa misheni, mpole kupita kiasi, aliyesali kabla ya kula hata muhindi mmoja. Yahaya alikuwa na karata zake. Saa za mvua, kazi ikisimama, alizigawa peke yake, tatu huku na tatu kule, akijaribu kukumbuka jinsi alivyokuwa akicheza. Hakuweza. Kila alipofika mahali pa kuamua, alisikia ile sauti, na moyo ukaanza kupiga mbio humo humo ndani ya banda, na Rajabu yuko mbali kwa siku nzima ya treni.

"Nikodemo," alisema siku moja. "Nitukane."

"Umesemaje?"

"Nitukane."

Nikodemo aliweka chini kitabu chake. "Umenikosea nini, kaka?"

"Hujakosewa. Nataka ukae hapo, tucheze. Kila nikishika karata, sema hamsa ishirini."

"Mimi sichezi kamari. Mchungaji amekataza."

"Tutacheza kwa kokoto. Mchungaji amekataza kokoto?"

Nikodemo aliwaza sana juu ya jambo hilo. Mwishowe akakaa, akapokea karata tatu, akazikodolea macho, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Hamsa ishirini, tafadhali."

Ilikuwa kazi kumfundisha. Lakini matusi ni kama kazi nyingine yoyote, mkono huzoea. Wiki ya pili Nikodemo aliacha tafadhali. Wiki ya tatu alianza kuchunguza mwenzake anaumia wapi. Siku moja, Yahaya akiwa anakula, karata hazipo hata karibu, Nikodemo alisema taratibu, "Makalio yako yanajua hesabu kuliko kichwa chako."

Yahaya alikuwa amesimama kabla hajajua, jiwe mkononi. Nikodemo alijikunyata, akafumba macho. Mvua ililia juu ya bati. Yahaya akalitazama lile jiwe, akaona na yule mtu mwembamba aliyejikunyata mbele yake, ambaye hakuwa amemchukia hata kidogo. Neno lilikuwa lile lile. Mdomo tu ndio tofauti. Na bado jiwe lilikuwa mkononi.

Akaliweka jiwe. "Rudia," akasema.

"Sitaki. Umenitisha."

"Rudia, Nikodemo. Nakuomba."

Akarudia. Akarudia siku hiyo, na kesho yake, na wiki zilizofuata, mpaka lile neno likachakaa kama shuka iliyofuliwa mno. Yahaya akawa analisikia kama anavyosikia mvua. Na hapo, masikio yalipotulia, akaanza kukumbuka. Alizikumbuka Jumapili zile moja moja, nani alikaa wapi, nani alitia nini. Ghulamu wawili: Rajabu alisema hamsa ishirini. Siku ya mbuzi, ree mbili: alisema. Siku ya mkufu, nane tatu: alisema, tena mara mbili. Na siku zile alizonyamaza akatia kwa kishindo, Yahaya akatupa? Hakuna aliyewahi kuziona karata zake siku hizo. Alizichanganya upesi na kuzirudisha kifudifudi.

Yahaya alikaa kitako akiwa ameshika goti. Kumbe Rajabu hakuwa akitukana kwa kupenda kutukana tu. Akiwa na karata alimtukana ili atie. Akiwa hana alinyamaza ili yule mwoga ajitishe mwenyewe. Miezi mitano mtu yule alikuwa akimwambia waziwazi ameshika nini, na Yahaya hakusikia kwa sababu alikuwa na kazi ya kukasirika.

Alirudi Dodoma mwezi wa tano, mashamba yamekomaa. Alimkuta Stara na mtoto wa kike wa miezi miwili, Mwanahawa, mwenye sauti kubwa na nywele nyingi. Alimpakata mtoto muda mrefu. Kisha Jumapili ikafika, akaoga, akavaa.

Stara alimwona. Hakuuliza anakwenda wapi. "Safari hii utampa mtoto?" alisema tu.

Uani kwa Mwanaharusi palijaa. Habari ilikuwa imetangulia kwamba Yahaya amerudi na ujira wa Gulwe mfukoni, na Rajabu alikuwa amekaa tayari, amelainisha kiboko chake kwa mafuta.

"Karibu," alisema. "Nyama imerudi yenyewe buchani."

Yahaya akasalimia wote, akakaa. Karata zikagawiwa. Akapata mfalme mmoja, kumi moja na sita moja. Rajabu akatia. "Hamsa," akasema, akitabasamu. "Ishirini."

Yahaya akatupa karata. "Mama, nipatie kahawa."

Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Kila lile neno liliposemwa, Yahaya alitupa, hata mara moja alipokuwa na tisa mbili. Halafu ikaja duru ambayo Rajabu hakusema neno. Alitia rupia nzima, kwa kishindo, macho yamemtoka. Yahaya alikuwa na sita mbili. Akatia. Wakafunuliana.

Rajabu alikuwa na saba mbili.

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. "Yale yale!" mtu alipiga kelele. Rajabu alijipiga paja. Mwanaharusi aligeuza uso wake pembeni. Yahaya alizitazama zile saba mbili na kungoja kile kitu kipande kutoka kwenye makovu. Hakikupanda. Alikuwa ameamua vizuri na karata zimemwendea vibaya. Hayo mambo mawili si mamoja, na mkeka una kawaida ya kuyachanganya mbele ya watu. Alifikiri hivyo, akamaliza kahawa yake, akasema, "Zamu ya nani kugawa?"

Hapo ndipo kitu kilibadilika, na kilibadilika upande wa Rajabu. Alikuwa amezoea kumla mtu anayeumia. Sasa amekula, na aliyeliwa anapuliza kahawa. Akajaribu lile neno tena, Yahaya akatupa. Akanyamaza na kutia, Yahaya akatia, na safari hii Rajabu hakuwa na kitu. Akaliwa mara mbili kwa namna hiyo. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

"Unaringa nini?" alisema. "Mgongo wako nimeuandika mimi."

Yahaya akatazama karata zake. Tano mbili na nane.

"Nakuuliza wewe! Mkeo alipokuwa peke yake huku miezi minne, unadhani nani alikuwa akimpelekea kuni?"

Watu waliguna. Hilo halikuwa neno la mkekani. Yahaya alimtazama Rajabu vizuri, kwa mara ya kwanza siku nyingi, akaona mshipa unaruka shingoni mwake, akaona na mkono unavyobonyeza karata mpaka zinapinda. Matusi haya hayakuwa chambo. Mvutaji kamba alikuwa amejifunga nayo. Rajabu akasukuma mbele kila alichokuwa nacho.

Yahaya alihesabu chake, akakiweka juu yake. "Fungua."

Rajabu hakufungua. Yahaya akanyoosha mkono, akazigeuza mwenyewe: ree, kumi, nne. Hakuna kitu.

Kiboko kilishuka kabla mtu hajapumua. Kilimpiga Yahaya kuanzia sikioni mpaka kidevuni. Watu waliruka nyuma. Yahaya alikaa pale pale, damu ikimtiririka shingoni, akaendelea kukusanya hela moja moja na kuziweka katika kikoi chake.

"Pigana na mimi!" Rajabu alinguruma. "Simama! Simama unipige!"

Aliyesimama ni Mwanaharusi. Alikuwa na birika la moto mkononi. "Huu ni ua wangu," alisema. "Stoo ya reli iko kule. Toka, kabla sijakuchemsha."

Rajabu akatoka. Kazini alilipiza kadiri alivyoweza; mwaka mzima Yahaya alibebeshwa mizigo ya watu wawili. Kisha nyapara akahamishiwa magharibi, kule reli ilikokuwa ikielekea ziwani, na hakuonekana tena. Juu ya ile misumari hakuna aliyewahi kumwuliza Rajabu neno.

Hadithi ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Lakini kile Yahaya alichojifunza Gulwe hakukiacha mkekani. Alikwenda nacho nyumbani.

Mkufu aliukomboa kwa hela zile za mkekani, akamwekea Stara mbele yake bila neno. Stara akaangua kilio cha furaha, naye Yahaya akamtazama kama anavyotazama karata za mtu. Jirani akimdhulumu mpaka wa shamba, alisema sawa. Mkewe akimgombeza, alingoja amalize. Mkekani alimla karibu kila mtu, mpaka watu wakaanza kuinuka akikaa. "Hakuna raha kucheza naye," walisema. "Kama unacheza na maiti."

Mwezi wa kumi na moja, mwaka ule ule aliorudi kutoka Gulwe, homa ilimshika Mwanahawa. Siku mbili tu. Siku ya tatu alfajiri akafa mikononi mwa mama yake.

Wanaume walikaa nje, kwenye msiba. Shaban, mwenzake wa kazini, alimshika Yahaya bega. "Pole, ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Yahaya alikuwa amekaa wima, macho makavu. Alitaka kusema kitu cha kumtuliza yule rafiki, ambaye alikuwa akilia. Akasema, "Karata zimegawiwa hivyo. Ukilia, hazigeuki."

Ukuta ulikuwa wa fito na udongo. Stara alikuwa ameegemea upande wa pili.

Alikaa arobaini yote bila kulitaja neno hilo. Siku ya arobaini na moja alikunja nguo zake katika khanga.

"Nakwenda kwa kaka yangu Mpwapwa."

"Utarudi lini?"

"Hata kunikataza hunikatazi?"

"Nikikukataza, utabaki?"

Stara alimrushia kikombe. Kilimpiga kifuani, kikaanguka, kikavunjika. "Nikasirikie!" alipiga kelele. "Nikasirikie basi! Mkufu wa mama ulimpa yule fisi kwa hasira, na mwanangu huna hata chozi la kumpa!"

Yahaya aliinama, akaanza kuokota vigae. Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu.

Alikaa peke yake miezi miwili. Alikwenda kazini, akarudi, akapika ugali, akaula. Jumapili hakwenda popote. Alijaribu kulia, kama mtu anavyojaribu kufungua mlango wa chumba chake mwenyewe akaukuta umekaza. Alitaja jina la mtoto kwa sauti, ndani ya nyumba, akasikia jina tu. Akaogopa. Hofu hiyo ndiyo iliyompandisha treni.

Alishuka Gulwe, akatembea asubuhi nzima mpaka Mpwapwa. Hassani, kaka yake Stara, mwanamume mfupi mwenye duka la nguo na mdomo mkali, alikuwa amekaa barazani. Hakuinuka.

"Shemeji," Yahaya alisema. "Nimekuja kumwona mke wangu."

"Huna mke hapa."

"Naomba uniitie."

"Nikuitie nani? Mwanamke amekuja hapa amekonda kama ukuni. Ameniambia ulivyosema msibani." Hassani alitema mate pembeni. "Mimi nilimwambia hivi: mwanamume asiyemlilia mtoto, basi mtoto si wake. Labda alijua. Labda ndiyo maana."

Yahaya alikijua chambo alipokiona. Aliona kamba, aliona na mkono unaoivuta. Angeweza kutupa karata na kuondoka salama.

"Alikuwa wangu," alisema.

"Ushahidi uko wapi?"

"Alikuwa wangu!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. "Alikuwa na nywele za mama yangu! Alikuwa akilia usiku nambeba mimi, mimi, nazunguka naye nyumba nzima! Mwanahawa alikuwa wangu, mshenzi wewe!"

Akamrukia. Wakaanguka barazani, wakabingirika mpaka njiani, ngumi na magoti, vumbi likiwafunika. Hassani alikuwa mfupi lakini alipiga kama nyundo. Yahaya alipigwa mdomo ukapasuka, naye akapiga asijue anapiga wapi, huku analia kwa kwikwi, analitaja jina la mtoto kila anapopata pumzi.

Maji ya baridi yakawamwagikia wote wawili. Stara alikuwa amesimama juu yao na mtungi mtupu, kama mtu aliyeachanisha mbwa.

"Ameniong'oa jino," Hassani alisema, akitafuta kwa ulimi. "Mwambie asinilie hapa, ameniong'oa jino."

Stara hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye alikuwa amekaa kwenye tope, anaendelea kulia, haoni aibu ya watu waliokuwa wakikusanyika.

"Miezi mitatu," alisema, na sauti yake haikuwa na huruma. "Umechelewa miezi mitatu."

"Najua."

"Siondoki na wewe leo."

"Sijasema leo."

Alikaa Mpwapwa siku tisa, akilala kwenye baraza ya Hassani, na kila asubuhi shemeji wawili hao waligombana: juu ya jino, juu ya maji ya kuoga, juu ya nani amemaliza tumbaku. Mchana alikuja Stara, akakaa mbali kidogo, wakazungumza juu ya mtoto, naye akamwambia yote aliyokuwa hajamwambia, mengine kwa maneno makali sana. Yahaya alijibu. Mara mbili majirani walikuja kuuliza kuna nini.

Siku ya kumi Stara alitoka na furushi lake kichwani, akashika njia ya Gulwe bila kumwambia mtu. Yahaya akamfuata.

"Tembea upesi," Yahaya alimwambia baada ya kitambo, "treni haitusubiri."

"Kama una haraka, beba furushi."

"Lete basi."

"Sasa ndiyo umekumbuka? Tumefika nusu ya njia!"

Walipofika stesheni treni ilikuwa imekwisha kuondoka, moshi wake bado uko juu ya vichaka vya miiba. Wakakaa kwenye furushi kila mmoja akiangalia upande wake, wakabishana ni nani aliyechelewesha.